Taamuli na Mwili wa Binadamu

Mwaka 1972 Robert Keith Wallace na Herbert Benson, wanasayansi wa Marekani, walieleza uchunguzi wao juu ya watu 36 waliozoea taamuli, yaani kutuliza fikra kwa makusudi. Walipoketi wamefumba macho, matumizi yao ya oksijeni yalipungua kwa kiasi cha asilimia 17 katika dakika chache tu. Usingizi huchukua saa kadhaa kuleta upungufu mdogo kuliko huo. Lakini je, ajabu hiyo ni ya taamuli yenyewe? Mwaka 1984 David Holmes alipitia majaribio mengi, akaona kuwa mtu apumzikaye tu kitini hutulia vivyo hivyo. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu swali hili si la mzaha. Mwaka 2017 Shirika la Moyo la Marekani lilikubali kuwa taamuli yaweza kusaidia, ila pamoja na matibabu ya kawaida, si badala yake.