Kikombe cha Hedhi: Usikiuze Kabla Hujajua Kimetengenezwa na Nini

Leo hatuongelei picha za bidhaa wala matangazo, tunaongelea mzigo wenyewe. Kama unauza vikombe vya hedhi, au kitu chochote kinachoingia ndani ya mwili wa mteja, soma mpaka mwisho.

Mimi niko hapa Mpanda. Nilipoanza nilichukua vikombe 12 vya bei ya chini, lebo imeandikwa silikoni. Vinne vikatoka haraka, viwili Makanyagio, viwili nikatuma kwa basi Inyonga. Mteja wa tano akaniambia, "Dada, kichemshe kwanza nione." Kikalegea sufuriani na kunuka kama ndala mpya. Aibu niliyoipata! Usiku uleule nikawapigia wale wanne waache kuvitumia, nikawarudishia hela. Watatu bado wananunua kwangu. Mmoja hapokei simu yangu mpaka leo, na simlaumu.

Sasa tuelewe kilichomo.

Silikoni: Hailegei kwenye maji yanayochemka, haina harufu, na haina vitundu vya kuficha uchafu. Inayotakiwa ni ile ya daraja la kitabibu.

Mpira wa asili (lateksi): Ni imara, ila kuna watu una mzio kwao. Lazima umwambie mteja.

Plastiki laini ya PVC: Hii kaa nayo mbali. PVC yenyewe ni ngumu, kwa hiyo kiwandani wanaweka kemikali za kuilainisha, nyingi zinaitwa thaleti. Hazijashikana na plastiki, zinatoka kidogo kidogo, na joto au mafuta yanazidisha. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzuia aina kadhaa za thaleti kwenye midoli ya watoto. Kama mdoli tu umezuiwa, itakuwaje kitu kinachokaa ndani ya mwili kwa saa nyingi?

Ukipokea mzigo fanya hivi:

1. Nusa. Harufu kali ya plastiki au mafuta, rudisha.

2. Chemsha kimoja dakika 5. Kikilegea, kikinata au kikibadilika umbo, usiuze.

3. Toa kimoja sadaka. Kata kipande kidogo cha mkia, kichome nje penye upepo, usivute moshi. Silikoni inaacha majivu meupe. PVC inatoa moshi mweusi na harufu kali.

4. Omba karatasi. Majaribio ya juu hayatoshi, yanaonyesha tu kama ni silikoni, hayaonyeshi kama ni ya kitabibu. Muulize muuzaji wa jumla cheti cha vipimo vya ISO 10993, ambavyo ndivyo vinaangalia usalama wa kitu kinachogusa mwili. Jina la kiwanda kwenye cheti lifanane na la kwenye boksi. Akianza kuzunguka, achana naye. Na kabla hujaagiza mzigo mkubwa, uliza TMDA kama bidhaa hiyo inahitaji kusajiliwa.

Mteja naye mwambie ukweli: anawe mikono, akichemshe kabla ya kila mzunguko, asikae nacho zaidi ya saa 12, asipake mafuta ya mgando. Huku kwetu kuna vijiji maji ni ya kugombania na kuni ni za kutafuta. Kama hana uhakika wa kuchemsha, muuzie pedi. Utakosa faida ya siku moja, ila hutampeleka hospitali.

Jamani, akiumwa huko chini mteja wako hatakuja kulalamika kwenye ukurasa wako. Atanyamaza, na ataambia wenzake pembeni. Wewe utaona tu oda zimekata.

Je, mzigo ulionao sasa hivi umeshauchemsha? Kachemshe leo, halafu njoo uniambie.