KANSA YA FIGO IKIHAMIA TUMBONI

Je, kwenu kuna babu au shangazi aliyewahi kutolewa figo kwa sababu ya kansa? Kama yupo, soma makala hii halafu mpelekee habari. Kama hayupo soma pia, maana ugonjwa haupigi hodi.

Inafikaje huko?

Una figo mbili, kila moja kama ukubwa wa ngumi yako. Zinachuja damu na kutengeneza mkojo. Kansa ikianza kwenye figo, chembechembe zake zinaweza kubanduka na kusafiri na damu. Mara nyingi huenda kwenye mapafu, mifupa au ini. Mara chache huishia tumboni au kwenye utumbo, pengine hata miaka 10 baada ya figo kutolewa, wakati nyumbani wameshasahau kabisa!

Sasa hiyo si imekuwa kansa ya tumbo?

Hapana. Kitunguu cha Mang'ola ukikipeleka Nairobi hakigeuki nyanya. Kansa iliyotoka kwenye figo hubaki kansa ya figo popote ilipo, na hutibiwa hivyo. Ndiyo maana daktari lazima ajue ilikotoka.

Dalili zake ni zipi?

Uvimbe huu una mishipa mingi ya damu, kwa hiyo huvuja. Mgonjwa anaweza:
- kupata choo cheusi kinachonata kama lami
- kutapika damu
- kuishiwa damu, akachoka na kusikia kizunguzungu
- kukonda bila sababu

Hapo wengi husema, "Aah, ni vidonda vya tumbo tu," wakanunua dawa dukani. Kweli, mara nyingi huwa ni vidonda. Hata vidonge vya kuongeza damu hufanya choo kiwe cheusi. Lakini kwa macho huwezi kutofautisha. Choo cha lami au kutapika damu ni hospitali siku hiyohiyo.

Wewe ufanye nini?

Wazee wengi huona aibu kuongea habari za choo. Uliza kwa heshima: "Shikamoo babu. Siku hizi choo kinatoka rangi gani?" Mkifika kwa daktari, mwambieni: "Huyu alitolewa figo mwaka fulani." Bebeni na karatasi za zamani. Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa miezi ya kutibu ugonjwa usio wenyewe.

Ukiwa Endulen au Nainokanoka, anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ikibidi mtapewa rufaa Karatu mjini, kisha KCMC Moshi. Vipimo vyenyewe ni altrasaundi, na mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni ili kuona tumbo na kuchukua kipande cha kupima. Kutoka Karatu hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo msisubiri mavuno ndipo mwanze safari.

Na wewe mwenyewe je? Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, usinyamaze. Kwa vijana mara nyingi ni kichocho au maambukizi, na vyote vinatibika. Sigara nayo achana nayo, kwani huongeza hatari ya kansa ya figo.