Eunike wa Changamwe

Jumapili moja kanisani Changamwe nilikaa benchi moja na nyanya aliyefuatana na mjukuu wake. Lilisomwa somo la Timotheo wa Pili, sura ya kwanza, pale Paulo anapomtaja mama yake Timotheo, Eunike. Msichana akanong'ona: “Nyanya, Eunike ndiye nani?” Nyanya akamgeukia: “Si ndiwe, mwanangu?”

Cheti cha msichana huyo kimeandikwa Eunice. Darasani ni Yunis, nyumbani ni Yunisi. Tulipotoka aliniambia huwa anamwomba nyanya yake asimwite Yunisi mbele ya wenzake, maana humcheka. Neno hilo lilinichoma.

Jina lenyewe ni la Kigiriki: eu ni njema, nike ni ushindi. Ni nike ileile iliyoandikwa kwenye viatu vya mitumba pale soko la Kongowea, ambayo wauzaji huinadi “Naiki”. Wagiriki wa kale walitamka e zote mbili na kuweka mkazo kwenye ni. Warumi wakaliandika kwa c, nayo kwao ilikuwa k. Waingereza wakaisoma c hiyo kama s, wakawa wakisema Yu-NAI-si, silabi tatu. Baadaye wengi wao wakaiacha e ya mwisho, kwa kuwa katika lugha yao mara nyingi haitamkwi, na mkazo ukahamia mwanzo: YU-nis. Wagiriki wa leo nao husema Evniki.

Sasa msikilize nyanya: yu-NI-si. Kiswahili cha kawaida hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hakipendi neno liishie konsonanti. Ndiyo sababu tuna Yusufu na Daudi. Kwa kuifuata kanuni ya lugha yake tu, mama huyu wa Changamwe ameurudisha mkazo palepale Wagiriki walipouweka, na irabu ya mwisho ameirudisha pia. Irene ndivyo vilevile. Kigiriki ni Irini, maana yake amani. Waingereza wa zamani walisema Ai-RI-ni. Siku hizi wengi husema Airin. Kina mama wa Likoni wanaita Airini, nami nasema wao ndio walio karibu na Wagiriki.

Majina haya si wageni wa jana kwetu. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1875 wamisionari wa shirika la CMS wakaanzisha Freretown, upande wa Kisauni, makao ya watumwa waliokombolewa. Huko watu walibatizwa kwa majina ya Biblia na ya Kiingereza, wakayatamka kwa ndimi zao. Nao watafsiri wa Biblia ya Kiswahili hawakumwandika Eunice. Waliandika Eunike, wala Phoebe hakuwa Phoebe, alikuwa Fibi.

Mwenye jina ana haki ya kuchagua aitwe vipi. Akitaka Yunis, na aitwe Yunis. Lakini achague akijua, asichague kwa kuona haya. Walimu wetu, msimsahihishe mtoto aliyelitaja jina lake kama linavyotajwa kwao. Nawe mzazi uliyemwita binti yako Eunice, leo jioni mfungulie Timotheo wa Pili, sura ya kwanza, aya ya 5, amsome Eunike kwa sauti.