Kisu cha kukunja: jina huuza, kiungo husema kweli

Mwezi Septemba 2012, wakazi wa Laguiole, mji mdogo wa wafugaji katika nyanda za juu za Aubrac, kusini mwa Ufaransa, waling'oa kibao cha barabarani chenye jina la mji wao. Siku chache kabla, mahakama ya mwanzo ya Paris ilikuwa imetupa madai yao dhidi ya mfanyabiashara ambaye tangu 1993 alikuwa akisajili neno "Laguiole" kama alama ya biashara kwa bidhaa chungu nzima. Mji ulibaki na watu, ng'ombe na wahunzi. Jina likawa linamwingizia fedha mtu mwingine.

Jina hilo lilipata thamani kwa sababu ya kisu cha kukunja. Simulizi ya mji inamtaja mhunzi Pierre-Jean Calmels na mwaka 1829. Baadaye kisu kikaongezwa msharasi, ambao mfugaji aliutumia kumtoboa ng'ombe aliyevimbiwa ili gesi itoke. Mwaka 1880 kikaja kizibuo, kwa kuwa vijana wa eneo hilo walikuwa wakienda Paris kutafuta kazi kwenye mikahawa. Kisu cha malishoni kikaingia mjini, na soko likapanuka.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Laguiole lilikuwa jina la umbo la kisu, si la kiwanda, na hakuna aliyekuwa amelifungia mlango. Kazi kubwa ilihamia Thiers, mji wa visu wa Auvergne. Kisha viwanda vya Asia vikaanza kugonga neno lilelile kwenye bidhaa ya bei ya chini. Leo kisu kilichoundwa kwa mikono ya fundi mmoja kinauzwa zaidi ya euro 100, na pembeni yake kuna chenye jina hilohilo kwa bei ya sahani ya chakula. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara hii, kibaya hutembea kwa miguu ya chema.

Wafanyabiashara wa pwani yetu wanalijua jambo hili. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kama mali yake. Wakenya wakapinga, na ombi likakwama. Laguiole wenyewe walisubiri hadi 2019 ndipo mahakama ya Paris ikafuta alama kadhaa za yule mfanyabiashara.

Thiers imechukua njia nyingine. Huko, kando ya mto Durolle, wanoaji walikuwa wakilala kifudifudi juu ya ubao, vinoo vikizungushwa na maji chini yao, mbwa akilalia miguu yao ili isigande kwa baridi. Kwa vizazi vingi mji huo ulitengeneza visu vyenye majina ya wengine. Katika miaka ya 1990 mafundi wake walibuni kisu chao, Le Thiers, na kuweka sharti kwamba anayekitengeneza awe wa eneo hilo na afuate kanuni za chama chao. Walianza na ulinzi, sifa ikafuata.

Njia ya tatu ni ya Savoie, eneo la milima la Ufaransa. Joseph Opinel alianza kutengeneza kisu chake mwaka 1890. Mwaka 1897 akakipanga kwa ukubwa, namba 1 hadi 12. Mwaka 1909 akasajili nembo ya mkono wenye taji. Opinel haikutegemea urembo. Kisu chake kina vipande 5 tu: bapa, mpini wa mbao, ribiti, pete isiyozunguka, na pete ya kuzunguka iliyoongezwa mwaka 1955 ili bapa lisijifunge juu ya vidole vya mtu. Namba 8, inayopendwa kuliko zote, hununuliwa Ufaransa kwa chini ya euro 20. Kuiga kitu cha bei hiyo hakumlipi mwigaji vizuri.

Basi mnunuzi afanye nini? Asisome jina kwanza. Gharama ya kisu cha kukunja iko kwenye kiungo, maana hapo ndipo fundi hupoteza saa zake. Kifungue taratibu: kigumu kidogo, kisikwaruze. Kikunje na utazame kwa juu: bapa likae katikati, lisiguse upande wowote. Kielekeze kwenye mwanga: pasipenye mwanga kati ya springi na mpini. Kikiwa wazi, jaribu kulitikisa bapa kwa vidole; likicheza, kirudishe mezani. Chuma cha kaboni kitapata weusi baada ya kukata matunda na vitunguu. Hiyo si kasoro, ila ukikiacha na maji kitashika kutu. Na mpini wa Opinel ukinywa unyevu na kubana bapa, Wasavoie hugonga kitako chake mezani, ncha ya bapa ikachomoza kiasi cha kushikika.

Mwisho, mtazame muuzaji anavyokikunja. Kisu chenye springi kikiachiwa kijifunge chenyewe, makali yanaweza kugonga chuma cha ndani na kupata pengo. Anayekifunga kwa kishindo ili upendezwe na mlio wake anakuonyesha kwamba bidhaa aliyoshika haijui. Fundi hukisindikiza kwa kidole mpaka kilale.