Acheni Kuniomba Kitabu cha Rubani

Ombi ni lile lile kila mara, wanaobadilika ni waombaji tu. Mwanafunzi anataka kitabu cha vita vya angani, "cha kweli, Mwalimu, alichoandika rubani mwenyewe." Mzee wa Biryogo, hapa Kigali, anataka hicho hicho, ila kiwe cha Kifaransa. Mama mmoja ananitumia ujumbe usiku: mwanawe anapenda ndege, je, ni rubani gani aliyeandika vizuri kuliko wote? Nikimtajia mtu kitabu cha mwanahistoria aliyekesha na nyaraka kwa miaka, uso unamshuka. Huyo alikuwa wapi makombora yakiruka? Halafu inafuata methali, ambayo siku hizi naisikia kabla haijatamkwa: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Sawa. Lakini maiti haandiki kitabu, na hilo peke yake lingetosha kututia shaka. Roald Dahl, ambaye wengi wenu mnamjua kwa hadithi za watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam vita vilipoanza mwaka 1939. Akaendesha gari hadi Nairobi, akajiunga na jeshi la anga la Uingereza, akafundishwa kurusha ndege pamoja na vijana wengine 16. Walionusurika vita ni 3 tu. Kitabu chake, Going Solo, kilitoka mwaka 1986 na hukiweki chini ukishakianza. Vitabu vya wale waliokufa havipo. Kwa hiyo rafu nzima ya "marubani wenyewe" mnayoililia imeandikwa na waliobahatika, na aliyebahatika ana kawaida ya kuamini kwamba alikuwa hodari.

Na bado hatujagusa ukweli wa kilichoandikwa. Septemba 1940, Dahl alipewa ndege aina ya Gloster Gladiator aipeleke kwenye kikosi chake kipya katika jangwa la Misri. Hakuuona uwanja. Giza linaingia, mafuta yanakwisha, akajaribu kutua mchangani, ndege ikajibamiza na fuvu lake likapasuka. Hakuna adui aliyemfyatulia risasi. Miaka miwili baadaye, akiwa Marekani, jarida la Saturday Evening Post likachapa simulizi yake chini ya kichwa kinachosema alitunguliwa Libya. Ikapita miaka zaidi ya arobaini ndipo Going Solo ikaeleza vingine: hakutunguliwa, alielekezwa mahali ambapo kikosi hakikuwepo. Rubani yule yule, ajali ile ile. Niambieni basi, kati ya kauli mbili za mtu aliyekuwepo, tushike ipi?

Simwiti mwongo. Ninachosema ni kwamba chumba cha rubani ni mahali pabaya sana pa kutazamia vita. Chukua ndege mbili za mwaka 1940 zinazokabiliana uso kwa uso, kila moja ikienda kilomita 500 kwa saa: zinakaribiana kwa karibu mita 280 kila sekunde. Rubani anafyatua kwa sekunde mbili au tatu, kisha lazima ageuze shingo atazame nyuma, la sivyo yeye ndiye atakayefuata. Anaona moshi mweusi kwa adui na kuandika "nimemtungua", kumbe yule ameisukuma injini hadi mwisho ili akimbie. Wenzake wawili waliomfyatulia adui huyo huyo nao wanaandika hivyo hivyo. Jioni ndege moja iliyotoboka imekwisha kuwa tatu. Ndivyo Waingereza walivyotangaza kwamba tarehe 15 Septemba 1940 waliangusha ndege 185 za Ujerumani. Nyaraka za Wajerumani zilipofunguliwa baada ya vita, hasara halisi ikaonekana kuwa yapata 60. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Wote walikuwepo.

Mzee wangu wa Biryogo asinune, maana najua anacho Le Grand Cirque cha Pierre Clostermann, cha mwaka 1948, na najua anakipenda. Ni kitabu kitamu. Lakini ushindi 33 aliokuwa akihesabiwa Clostermann umepunguzwa sana na waliopekua kumbukumbu za pande zote mbili.

Mnabisha bado? Twendeni Midway.

Mitsuo Fuchida hakuwa mtu wa kuokota habari barazani. Ndiye aliyeziongoza ndege za Japani angani katika shambulio la Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941. Tarehe 4 Juni 1942, katika mapigano ya Midway, alikuwa ndani ya Akagi, manowari kubwa ya kubeba ndege, akiwa hawezi kuruka kwa sababu alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Asubuhi hiyo ndege za Marekani zilishuka kwa kupiga mbizi juu ya Akagi, Kaga na Soryu, na kwa dakika chache zote tatu zikawaka moto. Baada ya vita Fuchida na mwenzake Masatake Okumiya wakaandika kitabu, na toleo la Kiingereza likatoka mwaka 1955. Ndani yake mna picha ambayo msomaji haisahau: sitaha zimejaa ndege zilizosheheni mabomu, injini zinanguruma, zimebaki dakika tano tu zote ziwe hewani kwenda kuwamaliza Wamarekani, na hapo ndipo Wamarekani wanatokea mawinguni.

Dakika tano! Nani asiyeipenda hadithi hiyo? Kwa mshindi ilikuwa muujiza, kwa aliyeshindwa ilikuwa kisirani tu wala si uzembe. Kwa nusu karne vitabu, filamu na wakufunzi wa vyuo vya kijeshi waliirudia, kwa hoja ile ile ninayoletewa mimi: Fuchida alikuwepo.

Mwaka 2005 Jonathan Parshall na Anthony Tully, ambao hawakuwepo, wakatoa kitabu chao Shattered Sword. Waliuliza maswali ya fundi. Ndege za mashambulizi za Japani zilifungwa mabomu wapi? Ndani ya mabanda yaliyo chini ya sitaha. Zilipandishwaje juu? Kwa lifti, moja baada ya nyingine, kisha zikasukumwa kwa mikono hadi nyuma ya sitaha, zikapangwa, zikapashwa moto injini. Kazi hiyo huchukua kama dakika 45, na muda huo wote hakuna ndege inayoweza kutua, kwa kuwa mahali pa kutua pamejaa. Sasa fungua kumbukumbu za vikosi vya ndege vya manowari hizo zenyewe, zilizoandikwa kwa Kijapani. Zinaonyesha ndege za ulinzi zikitua na kupaa, zikitua na kupaa, karibu hadi mabomu yalipoanguka. Sitaha haiwezi kuwa imejaa na wakati huo huo inapokea ndege. Picha ambazo ndege za Marekani zilipiga kutoka juu asubuhi hiyo nazo zinaonyesha sitaha zisizo na safu yoyote ya ndege za kushambulia. Ndege zilizokuwa zimejazwa mafuta na kufungwa silaha zilikuwa chini, mabandani, na ndiyo maana moto ule haukuzimika.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Wajapani walikuwa wamekwisha kuisahihisha habari hiyo katika historia yao rasmi ya vita, mwaka 1971. Nje ya Japani karibu hakuna aliyejisumbua kuisoma. Walikuwa naye Fuchida, wa nini tena makaratasi?

Na msidhani hayo ni ya Bahari ya Pasifiki tu. Mwanzoni mwa vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, mwaka 1978, wapiganaji wa kutungua ndege wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania waliokuwa Musoma waliona ndege za kivita zikija. Walikuwepo, macho yao yalikuwa mazima, na anga la ziwa ndilo walilopewa kazi ya kulitazama. Wakatungua ndege tatu, zote za Tanzania. Kama mmoja wao angeketi usiku ule ule kuandika alichokiona, angeandika kwa moyo safi kabisa kwamba wamemwangusha Idi Amin mara tatu.

Kisha kuna swali ambalo mtu wa Kigali hawezi kulikwepa. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege aina ya Falcon 50, iliyowabeba Rais Habyarimana wa Rwanda na Rais Ntaryamira wa Burundi, ilipigwa kombora ikikaribia kutua uwanja wa ndege wa Kanombe, na vipande vyake vikaanguka katika makazi ya Habyarimana mwenyewe. Niseme kwanza lililo wazi: mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yameandaliwa kabla ndege ile haijaanguka, na mwandishi anayeanzia hadithi yote kwenye ndege amekwisha kupotea njia. Lakini kwa suala letu la ushahidi, tazameni mafaili mawili ya uchunguzi wa Ufaransa. Jaji Jean-Louis Bruguière, mwaka 2006, alijenga hoja yake juu ya maneno ya mashahidi bila kukanyaga Rwanda. Shahidi wake mmoja mkubwa alikuwa ameandika kitabu kizima kama mtu aliyekuwepo, kisha mwaka 2008 akayakana maneno yake. Majaji waliomrithi, Marc Trévidic na Nathalie Poux, walikuja Kigali mwaka 2010 na wataalamu wa makombora, wa milipuko, wa sauti na wa upimaji. Ripoti ya wataalamu hao, ya Januari 2012, ilipima mabaki ya ndege, njia yake ya kushuka na muda ambao sauti huchukua kumfikia msikilizaji, ikaona eneo la kambi ya jeshi ya Kanombe ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kuwa makombora yalirushwa kutoka hapo. Kesi yenyewe ilifutwa mwaka 2018. Anayetaka kulisoma jambo hili aanze na ripoti hiyo, ndipo aje kwa wasimulizi.

Haya, vitabu, maana najua ndivyo mlivyovijia.

Kwa vita vya Kagera, War in Uganda cha Tony Avirgan na Martha Honey, 1982. Ndiyo, walifuatana na jeshi la Tanzania, lakini hawakuishia kwenye walichokiona, walihoji wengi. Humo mtakuta habari ya ndege ya Libya, Tupolev 22, iliyotumwa kupiga Mwanza Machi 1979, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Kwa Kiswahili kipo Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, 1980. Kisomeni mkijua kimeandikwa upande wa mshindi, joto la vita likiwa bado juu.

Kwa kanda yetu kwa jumla, Tom Cooper. The Rwandan Patriotic Front 1990–1994 na Wars and Insurgencies of Uganda 1971–1994, vyote alivyoandika na Adrien Fontanellaz, vyote vya 2015. Ni vitabu vyembamba, vina ramani na picha, na lugha yake ni kavu kama risiti. Vumilieni. Great Lakes Conflagration, 2013, ni cha anayetaka kujua namna ndege za abiria zilivyowabeba wanajeshi wa Rwanda kutoka Goma hadi Kitona, ng'ambo ya pili ya Kongo, Agosti 1998. African MiGs ni juzuu mbili zinazopanga nchi kwa alfabeti, kwa hiyo Tanzania na Uganda zimo katika juzuu ya pili. Hicho si cha kusoma kitandani, ni cha kuulizia.

Kwa Uingereza ya 1940, The Most Dangerous Enemy cha Stephen Bungay. Kwa Midway mmekwisha kusikia, na kama mtasoma kimoja tu kati ya vyote nilivyotaja, kiwe hicho Shattered Sword. Kwa uvamizi wa Waisraeli kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, Julai 1976, Operation Thunderbolt cha Saul David, 2015, si 90 Minutes at Entebbe kilichosukumwa sokoni mwaka ule ule wino wa magazeti haujakauka. Ndege za Uganda zilizoharibiwa uwanjani usiku ule, hesabu yake inatofautiana kati ya maandishi na maandishi, huku 11, kule 30. Atakayewapa namba moja bila kusema ameitoa wapi, mwacheni rafuni.

Marubani nao? Wawe wa mwisho, kwa yale ambayo wao pekee wanayajua: baridi ya juu, hofu ya tumboni, namna kiti cha jirani mezani kinavyobaki kitupu asubuhi. Going Solo kwa Kiingereza. Kwa Kifaransa Pilote de guerre cha Saint-Exupéry, 1942, ambaye walau hakujifanya anahesabu ndege alizoangusha, kazi yake ilikuwa upelelezi. Mwana wa yule mama aanze na Dahl, anamfaa kwa umri wake.

Na tafadhali msinitumie picha ya jalada kwa WhatsApp mkiuliza kama kinafaa. Mkiwa dukani, fungueni kurasa za nyuma kwanza. Kama hamwoni nyaraka za pande zote mbili zilizopigana, kirudisheni mlikokitoa, hata kama juu ya jalada rubani anatabasamu.