Alitoka baa, akaifundisha kwaya kupiga makofi

Kuna ubishi mmoja kwenye makanisa ya mjini ambao hauishi. Kwaya ya vijana ikipanda mbele na kinanda chenye ladha ya zouk, besi linaunguruma, waimbaji wanayumba na kupiga makofi, basi wazee wa viti vya mbele wananuna. Huo si wa kanisani, wanasema, ni muziki wa disko. Vijana nao wanajibu kwamba bila hivyo wenzao wa kijiweni hawatakanyaga mlangoni.

Mnaobishana, tulieni kidogo. Kule Chicago, Marekani, watu walishanuniana kwa jambo hilohilo zaidi ya miaka 90 iliyopita, na aliyeleta balaa hilo aliitwa Thomas Andrew Dorsey.

Msimchanganye na Tommy Dorsey, yule Mzungu mpiga tromboni. Huyu wetu ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Villa Rica, jimbo la Georgia, mwaka 1899. Baba yake mhubiri, mama yake mpiga kinanda wa kanisani. Lakini kijana alikwenda kujaribu maisha Chicago, akawa anapiga piano kwenye maklabu ya usiku. Mwaka 1924 akapewa kuongoza bendi ya Ma Rainey, mwanamama aliyetamba kwa blues. (Hapa sizungumzii bluzi ya kuzimiwa taa mkacheza mmekumbatiana. Blues yenyewe ni nyimbo za watu weusi wa kusini mwa Marekani, za dhiki, mapenzi na kejeli.) Mwaka 1928, kwa jina la Georgia Tom, yeye na mpiga gitaa Tampa Red wakatoa "It's Tight Like That", wimbo wenye mafumbo ambayo usingependa kumfafanulia mama mkwe wako. Ukauzwa kama njugu.

Sasa mtu huyo ndiye anakuja kubisha hodi kanisani! Katikati ya miaka ya 1920 alikuwa ameugua vibaya, akili imemchoka, hata kazi haendi. Alipopata nafuu akaanza kutunga nyimbo za dini, ila vidole vyake vilikuwa vimeshazoea blues, na wala hakuvikataza. Alitembea kanisa hadi kanisa na nyimbo zake zimechapwa kwenye karatasi, na wachungaji kadhaa wakamtolea nje.

Wazee wale nao tusiwaonee. Makanisa makubwa ya weusi pale Chicago yalijivunia kwaya zinazoimba kazi za kina Handel na Mozart, mtu kasimama wima kama mlingoti. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kustaarabika. Lakini treni zilikuwa zinamwaga watu kutoka kusini kila wiki, watu waliozoea kuimba huku wakilia na kupiga makofi. Wakiingia kwenye makanisa hayo wanajiona wageni. Mchungaji wa kanisa la Ebenezer aliliona hilo, na mwaka 1931 Dorsey na mwenzake Theodore Frye wakapewa kuunda kwaya ya injili pale. Dorsey kwenye piano, Frye anaimba huku anatembeatembea mbele ya watu. Mmoja anaanzisha, kwaya inaitikia, kama ngoma za kwetu. Watu wakapagawa. Mwaka 1932 kanisa la Pilgrim Baptist nalo likamchukua awe mwalimu wa kwaya.

Agosti mwaka huohuo aliitwa St. Louis kuimbisha kwenye mkutano wa injili. Mkewe, Nettie, alikuwa na mimba ya siku za mwisho. Jamaa akasitasita, halafu akaenda. Akiwa hukohuko kwenye mkutano akaletewa simu ya maandishi: mkeo amefariki akijifungua. Alirudi Chicago, akamkuta mtoto wa kiume yu hai, na kabla siku hazijasogea mtoto naye akafa. Mama na mwana wakazikwa kwenye jeneza moja.

Walimu wa kwaya mnanielewa. Watu wanajua mnasimama mbele mkirusha mikono na kuwakemea akina tena waliochelewa mazoezi. Hawajui Jumapili ngapi mmeimbisha nyimbo za faraja huku nyumbani kwenu kuna msiba, au mgonjwa, au hakuna hata unga. Dorsey mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alimkasirikia Mungu, akaona hakutendewa haki, akataka kuachana na injili arudi kwenye muziki wake wa zamani. Mimi napenda kwamba hakulificha hilo. Kwaya zetu nyingi huimba ushindi tu, utadhani hakuna aliyewahi kushindwa.

Siku chache baada ya mazishi alikaa kwenye piano, akachukua tuni ya tenzi ya zamani na kuitilia maneno yake. Ndipo ukapatikana "Take My Hand, Precious Lord". Ukipata nafasi usikilize. Unakwenda polepole, kama mtu anayetembea gizani. Frye aliuimba Ebenezer, Dorsey akimpigia piano.

Baada ya hapo blues aliitupa moja kwa moja. Yeye na wenzake wakaanzisha umoja wa kitaifa wa kwaya za injili. Biashara ya karatasi za nyimbo aliisimamia Sallie Martin, mama mmoja ambaye hakujua kusoma nota lakini hesabu za fedha alizijua barabara. Kabla yake ilikuwa vurugu tupu. Mahalia Jackson, kabla dunia haijamjua, alizunguka na Dorsey akizitangaza nyimbo hizo.

Jioni ya Aprili 4, 1968, huko Memphis, Martin Luther King alikuwa barazani ghorofani kwenye hoteli, akamwomba mpiga saksafoni Ben Branch awapigie wimbo huohuo kwenye mkutano wa usiku ule. Muda mfupi tu baadaye akapigwa risasi. Mazikoni Atlanta aliyeuimba ni Mahalia. Dorsey alikuwa na miaka 68, na pale Pilgrim kwaya bado ilikuwa mikononi mwake.