Land Rover ya Zamani Hufufuliwa Kuanzia Chini

Mwenye Land Rover kuukuu uani kwake akipata fedha kidogo, hukimbilia rangi. Gari linapigwa msasa, linapakwa kijani, linafungwa taa mpya na viti vya ngozi, na majirani wanalisifu. Halafu siku moja, kwenye barabara ya makorongo, springi ya nyuma inang'oka pamoja na kipande cha chesisi, na fundi aliyelala chini ya gari anachomoa kutu kwa vidole. Fedha yote ilikwenda juu, na ugonjwa ulikuwa chini.

Kosa hili lina chanzo chake katika namna gari lenyewe lilivyozaliwa. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alilibuni baada ya Vita Kuu ya Pili, akichukua mfano wa jipu la kijeshi la Kimarekani alilokuwa akilitumia shambani kwake Anglesey, Wales. Chuma wakati ule kilitolewa kwa mgawo, lakini alumini ilipatikana. Bodi likatengenezwa kwa mabati ya alumini yenye umbo rahisi, yaliyokunjwa bila mitambo ya gharama, kisha yakafungwa kwa bolti na ribiti. Gari lilipoonyeshwa Amsterdam Aprili 1948, lilikuwa limebuniwa kwa ajili ya mkulima, atakayelifungua na kulifunga mwenyewe kwa spana. Ndiyo maana hadi leo mtu mwenye banda la mabati, sakafu ya saruji na subira anaweza kulifufua nyumbani. Gari la kisasa lililochomelewa lote kuwa kitu kimoja halikupi nafasi hiyo.

Tatizo ni kwamba alumini hailiwi na kutu nyekundu. Land Rover ya mwaka 1972 inaweza kukaa chini ya mwembe kwa miongo, ukaitazama milango na boneti ukaona gari zima. Chesisi, hata hivyo, ni ya chuma. Ni mabapa yaliyochomelewa yakawa bomba la pembe nne, na ndani ya bomba hilo hakuna brashi ya rangi iliyofika. Tope huingia kupitia matundu, linakaa, linatunza unyevu, na kutu inakula kutoka ndani kwenda nje. Ukiona alama nje, ndani kumeshakwisha. Ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria nao huoza hivyo hivyo, hasa pale dereva anapoweka miguu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kinyundo kidogo. Gonga chesisi yote, inchi kwa inchi, kuanzia pembe za mbele hadi boriti ya nyuma kabisa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa, na ukikichokoa kwa bisibisi ncha inapenya. Kazania mahali springi zinaposhikwa, mikono inayobeba bodi, na boriti ya nyuma, kwa sababu tope la magurudumu hurukia huko. Usiamini kitu kilichopakwa lami nyeusi nene. Wauzaji wanajua kwa nini wameipaka.

Ukikuta pameoza, kata mpaka ufike kwenye chuma king'aavu, ndipo uchomelee bati jipya la unene wa milimita 2 hadi 3. Kiraka kinachowekwa juu ya kutu ni mtego wa maji, na magari mengi niliyoyaona yana viraka vitatu, kimoja juu ya kingine, kila kimoja cha fundi wake. Kabla ya kukata sehemu kubwa, pima chesisi kwa kamba kutoka pembe hadi pembe mkabala, kulia na kushoto, uandike vipimo, na uishikize kwa vyuma vya muda. Joto la kuchomelea hupinda chuma, na chesisi iliyopinda hulifanya gari liende upande maisha yake yote. Angalia pia namba ya chesisi, ambayo kwa kawaida imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na springi. Usiikate na kuitupa pamoja na chuma kibovu. Bila namba inayolingana na kadi ya gari, umefufua kitu usichoweza kukisajili.

Kuna hatari mbili ambazo mafundi wa nyumbani huzichukulia kimchezo. Ya kwanza ni tangi la mafuta, ambalo kwenye mengi ya magari haya liko chini ya kiti cha mbele. Liondoe kabisa kabla ya kuchomelea, hata kama ni tupu, maana mvuke wa petroli ndio unaolipuka. Toa betri pia. Ya pili ni breki ya mkono. Katika Land Rover hizi za zamani, ziitwazo Series, haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Ukipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliruhusu lile lililo hewani kuzunguka, na gari linaweza kuondoka huku breki ikiwa imevutwa hadi mwisho. Weka magogo au mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Baada ya chesisi, nenda kwenye breki, wala si kwenye injini. Gari lisilowaka halimuui mtu. Series II na IIA, na nyingi za Series III, zina njia moja tu ya mafuta ya breki: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Badilisha mabomba, mipira na silinda ndogo za magurudumu hata kama hazivuji bado. Ukifungua madramu ya zamani, usipulize vumbi kwa kompresa, kwani shu za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lilowanishe, lifute kwa kitambaa, kitambaa ukitupe.

Springi zitakutesa. Bushi zake zina bomba la chuma ambalo baada ya miaka hushikana na bolti kana kwamba vilimwagwa kwa kalibu moja, na mara nyingi dawa pekee ni msumeno.

Injini ndiyo inayopendeza zaidi, na wengi huishangaa. Ile ya petroli ya lita 2.25, yenye sentimita za ujazo 2,286, haina haraka wala makeke, na mgandamizo wake ni mdogo, 7 au 8 kwa 1. Huvumilia petroli duni na fundi wa wastani. Ikiwa imekwama, usiivute kwa gari jingine wala kuilazimisha kwa stata. Fungua plagi, mimina mafuta mepesi kwenye kila silinda, iache siku kadhaa, kisha jaribu kuizungusha kwa hendeli ya mbele, taratibu, kwenda na kurudi. Mkono unahisi pale chuma kinapokataa. Stata haihisi, inavunja tu. Ikizunguka, pima mgandamizo wa kila silinda kabla ya kuamua kuishusha. Kama silinda zinatofautiana kidogo tu, huenda kazi ni valvu, gasketi na marekebisho ya tapeti, ambayo ni inchi 0.010 kwa zote nane. Kuchonga silinda na kusawazisha hedi ni kazi ya karakana yenye mashine. Hiyo usiijaribu uani. Na kabla hujaanza kazi yoyote, nunua spana za inchi. Spana za milimita zinakula vichwa vya bolti za gari hili.

Wengi hung'oa injini hiyo na kufunga ya dizeli ya Kijapani. Siwalaumu, hasa kama gari ni la kazi, lakini giaboksi na shafti za nyuma hazikutengenezwa kwa nguvu hiyo, na mabadiliko ya injini lazima yaandikwe kwenye kadi. Mimi ningeiacha ya asili kama bloku bado ni nzima.

Watu wengi pia hurithi gari hili bila kujua vifimbo vyake. Chenye kichwa cha njano hukandamizwa kuingiza magurudumu manne katika gea kubwa. Chekundu huvutwa nyuma kwa gea ndogo. Hakuna difu ya katikati, hivyo kuendesha magurudumu manne kwenye lami kavu huyafanya ya mbele na ya nyuma yashindane, na shafti hulipa gharama. Ukikuta shafti ya nyuma imevunjika, ulizia dereva wa zamani alikuwa akiendesha wapi.

Sasa ndiyo rangi. Pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, hasa wa chumvi kama wa Tanga au Mombasa, umeme hafifu hupita kati ya metali hizo na alumini huliwa, ikiacha unga mweupe chini ya rangi iliyovimba. Safisha mpaka chini, kisha tenganisha metali hizo kwa mpira au rangi nzito. Alumini inataka praima yake maalumu. Rangi ya kawaida hubanduka kwa maganda. Bati lililobonyea huwa gumu kila linapogongwa, kwa hiyo lipashwe moto kwanza. Mafundi wa zamani hupaka sabuni ya kipande juu yake, na sabuni ikigeuka nyeusi huondoa moto, kwani alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila hata kuwa nyekundu. Binafsi siondoi kila bonyeo. Gari lililofanya kazi miaka 50 halihitaji uso wa kioo.

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na yaliyokwenda kule kwa magurudumu yake ni magari ambayo mtu fulani aliyatunza. Kama kwenu kuna moja limelala nyuma ya nyumba, usiruhusu wanunuzi wa vyuma chakavu walipime kwa kilo na kupeleka alumini yake kwa watengeneza sufuria kabla hujalala chini yake na kinyundo. Likikuonyesha kwamba chesisi imekwisha kabisa na namba hailingani na kadi, liuze vipande kwa wanaofufua mengine, maana mlango mmoja mzima una thamani kubwa zaidi kwao kuliko bodi lote kwa mtu wa sufuria.